Mlio wa mjeledi katika filamu ya Ritwik Ghatak

«Shikamoo, Mwalimu. Kwa muda mrefu nimekuwa nikitazama filamu za Satyajit Ray, na nimezipenda kwa utulivu wake. Rafiki yangu akaniambia kwamba Bengal, mashariki mwa Bara Hindi, ilikuwa na mwongozaji mwingine wa zama hizohizo, Ritwik Ghatak, akanipa Meghe Dhaka Tara ya mwaka 1960. Nimeitazama, nami nimechanganyikiwa. Kuna mahali binti anashuka ngazi na ghafla unasikika mlio kama wa mjeledi ilhali hakuna anayepigwa. Nilidhani nakala yangu ni mbovu. Watu wanalia kwa sauti, mikosi inafuatana, nyimbo zinaingia katikati ya majonzi, hata nikajiuliza filamu hii ina tofauti gani na zile za Kihindi tulizokulia nazo. Hata hivyo nililia usiku kucha, kwa kuwa mimi ndiye mtoto wa kwanza kwetu na mshahara wangu ndio unaosomesha wadogo zangu. Je, huyu ni msanii mkubwa kweli, au anajua tu kuwaliza watu? Ni lazima niijue dini ya Kihindu ili nimwelewe? Niendelee na filamu ipi? Na je, nimwonyeshe mama yangu filamu hii?»

Marahaba, binti yangu. Maswali yako ni mengi, lakini nikiyasoma pamoja naona yanabeba wasiwasi mmoja: unahofia kwamba machozi yako yalichukuliwa kwa hila, na kwamba mtu mwenye kuijua sanaa asingelia pale ulipolia wewe. Wasiwasi huo ni wa haki, kwa sababu zipo filamu nyingi zinazojua kukamua machozi na hazijui kitu kingine. Meghe Dhaka Tara, jina ambalo maana yake ni «nyota iliyofunikwa na wingu», si mojawapo ya hizo. Kilichokuonekea kuwa ni kupita kiasi ndicho hasa kipimo alichokikusudia mwongozaji, na nitajaribu kukueleza kwa nini.

Nianze na mjeledi, maana hapo ndipo wengi hukwama. Nakala yako haina kasoro. Kumbuka tukio lenyewe. Nita, anayechezwa na Supriya Choudhury, amekwenda kwenye makazi mapya ya Sanat, kijana ambaye Nita alimsubiri kwa miaka na kumsaidia kwa fedha zake mwenyewe ili asome, na hapo anatambua kwamba Sanat hayuko peke yake. Hakuna ugomvi, wala Nita hapazi sauti. Anatoka na kuanza kushuka ngazi polepole, kamera ikimtazama kutoka chini, uso umeinuka kidogo, mkono unapanda kuelekea shingoni. Na hapo ndipo mjeledi unapolia, kisha unalia tena. Ghatak angeweza kuweka muziki wa huzuni, nasi tungemhurumia Nita kwa namna tuliyoizoea. Badala yake ameweka sauti ya pigo. Kwa jinsi hiyo anatuzuia kuliona jambo lile kuwa ni mapenzi yaliyovunjika tu, na anatulazimisha kuliona kuwa ni kitendo cha ukatili alichotendewa mwili wa binadamu, ingawa kwa macho hatumwoni mtendaji.

Ili uelewe kazi ya mlio huo, fikiri jinsi sauti inavyotumika katika filamu nyingi: mlango unafungwa, tunasikia mlango, gari linapita, tunasikia gari. Sauti inaitii picha. Kwa Ghatak, sauti ni shahidi anayejitegemea, na mara nyingi ushahidi wake unapingana na picha au unafichua jambo ambalo picha imelificha kwa adabu. Rudi nyuma kidogo, kabla ya tukio la ngazi, utazame pale mama anapokuwa jikoni huku Nita na Sanat wakizungumza. Mchemko wa jikoni unapanda mpaka unakuwa mkubwa kuliko kawaida ya chungu chochote. Mama hasemi kitu, lakini sauti inasema kwa niaba yake: binti huyu akiolewa, nani ataweka mchele katika chungu hiki? Hakuna mhusika anayelitamka wazo hilo, kwa kuwa ni la aibu. Mtazamaji anayezisikiliza filamu za Ghatak kwa makini kama anavyozitazama hupata nusu nyingine ya hadithi, na anayeendelea kungoja sauti iitii picha huona vurugu tupu. Kwa hiyo hukukosea kushtuka. Ulikosea tu kudhani kwamba mshtuko ule ulitokana na mashine.

Sasa uniruhusu nikae zaidi kwenye swali la chimbuko la ukali huu, kwa sababu bila hilo filamu zote za Ghatak zinabaki kuwa visa vya familia zenye bahati mbaya. Ghatak alizaliwa Dhaka tarehe 4 Novemba 1925, katika Bengal ambayo wakati huo ilikuwa nchi moja chini ya Waingereza. Alikuwa bado kijana mwaka 1943, njaa kuu ilipoikumba Bengal na kuua watu wanaokadiriwa kufikia milioni 3, wengine wakifia kwenye barabara za Kolkata wakiomba hata maji yaliyochemshiwa wali. Alikuwa na umri wa miaka 21 mwezi Agosti 1947, Bara Hindi lilipogawanywa. Mpaka ulipita katikati ya Bengal: magharibi ikabaki India, mashariki ikawa sehemu ya Pakistan, na ndiyo iliyokuja kuwa Bangladesh mwaka 1971. Watu waliozungumza lugha moja, waliokula chakula kimoja na kuimba nyimbo zilezile kando ya mito ileile, wakaamka wakiwa wageni kwao. Mamilioni walivuka kwa miaka mingi iliyofuata, na pembezoni mwa Kolkata vikaibuka vitongoji vya wakimbizi, nyumba za mianzi na bati zilizojengwa na watu ambao jana walikuwa walimu, makarani na wenye mashamba.

Familia ya Nita inaishi katika kitongoji cha namna hiyo. Baba ni mwalimu anayeghani mashairi ya Kiingereza katika nyumba isiyo na uhakika wa mlo. Mama amekuwa mkali kwa sababu ndiye anayehesabu senti. Kaka mkubwa, Shankar, anataka kuwa mwimbaji na hana kipato, mdogo wao Gita, ambaye ndiye Sanat atakayemwoa, anataka nguo nzuri, na kaka mdogo, Montu, anataka viatu vya mpira. Tazama pia mwanzo kabisa wa filamu: mti mkubwa unaoijaza picha nzima, Nita anatokea chini yake akiwa mdogo kama punje, kando ya maji Shankar anafanya mazoezi ya kuimba, na kwa mbali treni inapita na kuukata wimbo wake. Baadaye kidogo kandambili ya Nita inakatika, anaiangalia, kisha anaendelea na safari. Huo ndio utangulizi wa hadithi yote, na hakuna aliyesema neno kuhusu wakimbizi.

Ndiyo sababu nasema kwamba Ghatak hakuwa na haja ya kutunga mikosi. Hatari yake ilikuwa kinyume chake: kuwahadithia watu waliokwisha kuzoea mikosi mpaka wakaacha kuiona. Wakati Meghe Dhaka Tara inatoka, miaka 13 ilikuwa imepita tangu mgawanyo, maisha ya vitongoji yalikuwa yamekuwa jambo la kawaida, na serikali za pande zote zilipendelea kuzungumzia uhuru kuliko jeraha. Msanii anayezungumza kwa mnong'ono katika hali kama hiyo anaweza kusifiwa kwa ustaarabu wake na asisikiwe. Wewe umekwenda matangani, umesikia jinsi kina mama wanavyopaza vilio vyao maiti inapotolewa ndani, wakimwita marehemu kwa jina na kumhoji kwa nini ameondoka. Hakuna mwenye akili atakayesimama pale na kusema kwamba wanatia chumvi. Ghatak aliwapigia kelele Wabengali kwa msiba ambao matanga yake hayakuwahi kuwekwa.

Namna hiyo ya kusema hakuiokota njiani. Kabla ya filamu alikuwa mtu wa jukwaa, mwanachama wa Indian People's Theatre Association, harakati ya wasanii wa mrengo wa kushoto iliyozunguka vijijini na mijini ikiigiza michezo kuhusu njaa na dhuluma mbele ya watu ambao wengi hawakujua kusoma. Alizijua pia tamthilia za kienyeji za Bengal ziitwazo jatra, zinazochezwa uwanjani watazamaji wakiwa wamezunguka pande zote, ambapo hisia hukuzwa na nyimbo huingia pale maneno yanapokwisha. Alipotumia mikutano ya ghafla, vilio na nyimbo, alikuwa akiitetea waziwazi mbinu ambayo wahakiki waliokwisha kuzoea filamu za Ulaya waliidharau.

Hapa panahusika na swali lako kuhusu filamu za Kihindi, na huenda jibu likakushangaza. Madhumati ya mwaka 1958, iliyoongozwa na Bimal Roy na kuchezwa na Dilip Kumar na Vyjayanthimala, ile ya roho zinazorudi duniani na nyimbo ambazo wazee wetu wa mwambao bado wanazikumbuka kutoka kwenye majumba ya sinema, iliandikwa na Ghatak. Kwa hiyo hukukosea kunusa undugu. Aliijua kazi hiyo kutoka ndani, na angeweza kubaki Bombay akiifanya. Tofauti ipo katika kile anachomfanyia mtazamaji baada ya kumliza. Katika filamu nyingi za aina ile, uovu una mwenyewe: kuna tajiri katili, kuna mama mkwe mwenye hila, na mwisho wa safari anafichuliwa ili machozi yetu yapate mahali pa kutua. Katika Meghe Dhaka Tara hakuna mtu wa kumkamata. Sanat ni dhaifu, si mwovu. Gita ni kijana anayetaka kuishi. Mama anaogopa njaa. Baba, Nita anapogundulika kuwa ana kifua kikuu, ananyoosha kidole na kutamka kwa Kiingereza kwamba anashtaki. Anapoulizwa anamshtaki nani, mkono unashuka, na jibu lake ni kwamba hamshtaki mtu yeyote. Filamu za kukamua machozi haziwezi kuvumilia tukio kama hilo, kwa sababu linamwachia mtazamaji hasira isiyo na pa kwenda. Ndiyo maana ulilia usiku kucha badala ya kulia dakika kumi na kulala vizuri.

Kuhusu dini, usijitwishe mzigo usio wako. Huhitaji kuijua dini ya Kihindu yote. Kwa filamu hii unahitaji kisa kimoja tu, ambacho kila mtoto wa Kibengali, hata asiye Mhindu, hukikuta katika nyimbo. Kila msimu wa vuli, wakati wa sikukuu ya Durga, Wabengali huimba kuhusu mungu wa kike Uma, ambaye ndiye Durga mwenyewe, anayerudi kwa wazazi wake kwa siku chache, kisha anaagwa na kurudi milimani kwa mumewe, Shiva. Zipo nyimbo za kumpokea na zipo nyimbo za kumuaga, na zile za kumuaga huimbwa kwa sauti ya mama anayemlilia bintiye aliyeozwa mbali. Ghatak ameufuma wimbo wa namna hiyo katika sauti za filamu yake. Unasikika pale Nita anapokuwa ukingoni mwa kuondoka, na mtazamaji wa Kolkata mwaka 1960 aliutambua mara moja. Zingatia sasa kwamba Nita amezaliwa siku ya ibada ya Jagaddhatri, mlezi wa ulimwengu, ambaye ni sura mojawapo ya mungu huyohuyo. Kwamba tangu utotoni anatamani kwenda milimani. Na kwamba mwisho wake anapelekwa kweli milimani, katika hospitali ya kifua kikuu huko Shillong. Binti anayeagwa kwenda milimani haendi kuolewa, anakwenda kufa.

Wengine husoma hapo wakadhani Ghatak anamtukuza Nita kama mungu, na hilo ndilo kosa ninalotaka kulisahihisha kwa nguvu zaidi kuliko yote, kwa kuwa linakuhusu. Watu wengi humaliza filamu hii wakisema: ona binti mwema, ona alivyojitolea. Mwongozaji anasema kinyume. Anaonyesha jinsi jamii inavyomvisha mwanamke sura ya mlezi wa ulimwengu ili ipate kumla bila kujisikia vibaya. Sifa ni sehemu ya mtego. Nita mwenyewe analifahamu jambo hilo kwa kuchelewa, anapomwambia Sanat kwamba dhambi yake ni kutopinga alipoona dhuluma. Huwezi kuyatoa maneno hayo ukabaki na filamu ileile.

Kuna jambo dogo ambalo ningependa uliangalie tena, kwa kuwa hapo ufundi wa Ghatak unaonekana vizuri kuliko popote. Mwanzoni Shankar anamnyang'anya Nita barua ya Sanat kwa utani wa kaka na dada, na ndani ya barua hiyo ndimo lilimo jina la filamu, maana Sanat anamfananisha Nita na nyota iliyofunikwa na wingu. Miaka inapita, Shankar anarudi kutoka Bombay akiwa mwimbaji mashuhuri, anamkuta Nita amejitenga chumbani akificha kitu, na kwa furaha ya kurudi nyumbani anadhani ni barua nyingine ya mapenzi. Anamnyang'anya kwa utani uleule. Mkononi mwake kinabaki kitambaa chenye damu. Hapo hatukuhitaji mjeledi, na Ghatak hakuutumia. Mtu asiyejua kipimo angeuweka tena.

Kisha Shillong. Shankar amekwenda kumtembelea, anamsimulia habari za mtoto wa Gita aliyeanza kukimbia na kupanda ngazi za nyumba mpya, na Nita ghafla anapaza sauti akimwambia kaka yake kwamba yeye alitaka kuishi. Kamera inaiacha sura yake na kuzunguka vilele vya milima huku kilio kikiendelea, kana kwamba hakuna mwili tena wa kukibeba. Ulilalamika kwamba watu wanalia kwa sauti. Hesabu basi: katika filamu nzima Nita alikuwa anajizuia, wengine ndio walioomba, waliolalamika na waliogombana. Kilio kimoja ndicho chake, na ndiyo mara ya kwanza anadai kitu kwa ajili ya nafsi yake.

Nisikufanye uamini kwamba kila kitu alichokifanya ni kamilifu. Mapenzi yangu kwa kazi yake hayanizuii kuona. Alikamilisha filamu ndefu nane tu, mara nyingi kwa fedha kidogo na katika hali ya ugomvi na watu waliomzunguka, na pombe ilimharibia afya na kazi. Zipo sehemu ambapo uigizaji hauendi sawa, ambapo lenzi pana inapotosha sura bila sababu ninayoiona, ambapo hotuba inachukua nafasi ya tukio. Na upo mgogoro halali kuhusu sadfa zake. Katika Subarnarekha, iliyopigwa mwaka 1962 na kutoka 1965, mwanamume aliyelewa, asiye na miwani yake, anaingizwa usiku katika chumba cha mwanamke anayejiuza kwa mara ya kwanza kwa sababu ya njaa, na mwanamke huyo ni mdogo wake wa kike, ambaye yeye mwenyewe alimlea kwa mikono yake. Wapo watazamaji makini wasiokubali kamwe tukio hilo. Mimi nalikubali, kwa sababu kwa Ghatak nchi nzima ilikuwa imeingia katika chumba kile bila miwani; lakini siwezi kukuambia kwamba anayelikataa hajui filamu.

Usimlinganishe sana na Ray, wala usichague upande. Ray alizaliwa 1921, na wote wawili walitoka katika jamii ileile ya Wabengali wasomi, lakini Ray aliamini kwamba mtazamaji akionyeshwa kwa subira ataona mwenyewe, naye Ghatak aliamini kwamba mtazamaji wake amejeruhiwa kiasi cha kutoona. Hawakuwa maadui kama watu wanavyopenda kuhadithia. Ray aliandika dibaji ya kitabu cha makala za Ghatak na kumtambua kuwa ni Mbengali halisi kuliko hata yeye mwenyewe. Tena, filamu ya kwanza ya Ghatak, Nagarik, ilikamilika mwaka 1952, miaka mitatu kabla ya Pather Panchali, filamu ya kwanza ya Ray, lakini haikuonyeshwa hadi 1977, wakati mwenyewe alikwisha kufariki tarehe 6 Februari 1976 akiwa na miaka 50. Angalau wanafunzi aliwapata: katikati ya miaka ya 1960 alifundisha katika taasisi ya filamu ya Pune, na waongozaji Mani Kaul na Kumar Shahani walitoka mikononi mwake.

Kuhusu filamu ya kufuata, nakushauri usiende moja kwa moja kwenye Subarnarekha, ingawa kwa maoni yangu ndiyo kubwa kuliko zote. Nenda kwanza kwenye Ajantrik ya mwaka 1958, kisa cha dereva wa teksi anayelipenda gari lake bovu la Chevrolet, analipa jina na kuzungumza nalo. Utacheka, na huku unacheka utajifunza jinsi Ghatak anavyotumia sauti, kwa kuwa gari lile linanung'unika, linakoroma na kunywa maji kama kiumbe hai. Baada yake tazama Komal Gandhar ya 1961, inayohusu kikundi cha maigizo kilichogawanyika, na ungoje tukio la kando ya mto Padma: wawili wamesimama wakiitazama ng'ambo walikozaliwa, reli iliyokuwa ikivuka sasa imekatwa, na kamera inakimbia juu ya reli hiyo huku sauti za waimbaji zikipanda mpaka inagonga kizuizi na picha inakuwa nyeusi. Ukiwa umeliona hilo, Subarnarekha haitakuumiza bure. Titash Ekti Nadir Naam ya 1973, aliyoipiga Bangladesh kuhusu wavuvi wa mto unaokauka, nakuomba uitafute katika nakala iliyokarabatiwa Bologna mwaka 2010 kwa udhamini wa World Cinema Foundation, kwa kuwa katika nakala mbovu maji na mchanga havitofautiani. Meghe Dhaka Tara yenyewe ina toleo lililosafishwa la kampuni ya Criterion. Kwa mwongozaji ambaye nusu ya kazi yake iko katika sauti, nakala nzuri na spika nzuri ni lazima, na simu haifai.

Kuna mambo ambayo maandishi yangu hayawezi kukusaidia. Tafsiri zinazopita chini ya picha huzifupisha nyimbo au kuziacha kabisa, na kwa Ghatak wimbo ukiachwa, umeachwa ukurasa wa hadithi. Ukimpata mtu wa Kolkata au Dhaka, na katika miji yetu wapo, madaktari, wahandisi na wafanyabiashara, mwombe akae nawe mtazame pamoja, akueleze nyimbo tu. Huenda akakuimbia na zile ambazo hazimo. Kama kuna kundi la watu wanaotazama filamu pamoja hapo mlipo, au kituo cha utamaduni cha ubalozi wa India, nenda nako. Filamu hizi zilitengenezwa zitazamwe katika umati.

La pili ni lako binafsi, nami naliandika kwa heshima. Kulia kwa ajili ya Nita si ugonjwa. Lakini ukiona majuma yanapita bado hulali, au umeanza kuwaza kwamba maisha yako hayana thamani ila kwa kile unachokitoa, usitafute tena jibu katika filamu wala kwa mtu kama mimi ambaye kazi yake ni filamu. Zungumza ana kwa ana na mshauri nasaha au daktari, na katika ukoo umtafute mtu mzima ambaye neno lake linasikika, shangazi au mama mkubwa, umweleze hesabu zako bila kuficha: mshahara ni kiasi gani, unakwenda wapi, na kwako kinabaki nini. Nita hakuwahi kumwambia mtu yeyote mambo hayo.

Na mama yako? Usimwonyeshe filamu hii kabla hujazungumza naye. Akiletewa bila neno lolote ataona ameshtakiwa na mwanawe mbele ya televisheni yake mwenyewe, atajitetea, na mtagombana kuhusu mama wa Nita badala ya kuzungumza kuhusu ninyi wawili. Mkishazungumza, na ukaona moyo wake umetulia, mwekee, nawe ukae karibu naye. Yafikapo matukio ya jikoni usimweleze kitu, kwa sababu mwanamke aliyewahi kulea watoto kwa mfuko mtupu ataelewa ule mchemko wa chungu kabla yako na kabla yangu, na huenda ndiye atakayekufundisha kwamba Ghatak hakumchukia mama yule.